Meza ya Murhula

"Huyu Murhula anakaa meza gani?"

Mwanamke aliyeniuliza hivyo alikuwa amesimama katikati ya chumba chetu cha kazi kule Nyalukemba, mjini Bukavu, miwani yake ikining'inia shingoni kwa mnyororo, na aliniuliza mimi kwa sababu tu meza yangu ndiyo ilikuwa karibu na mlango. Meza zote zilikuwa mbele yake, kila moja na mtu wake au mashini yake, na hakuna iliyokuwa ya Murhula, ingawa kwenye skrini aliyokuwa akiitazama jina la Murhula lilionekana mara nyingi kuliko majina yetu sote yakiwekwa pamoja. Mwezi uliopita swali hilo lilinirudia nikiwa kwenye kiti cha plastiki, chini ya hema, mvua ikipiga juu ya turubai, kilioni kwa Papa Gervais aliyekuwa patron wetu, mwenye kampuni. Watu walikuwa wakisimama mmoja mmoja kumsifu. Mmoja alisema marehemu hakuwahi kumfokea mtu. Mwingine akasema katika maisha yake yote hakumfukuza mfanyakazi hata mmoja. Wote walisema kweli. Nilishika kikombe cha chai ya maziwa kwa mikono miwili, nikahisi hasira ya mwaka ule ikinipanda upya, kana kwamba ilikuwa imejiweka akiba kwa ajili ya siku hiyo.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza baada ya chuo kikuu. Kampuni yetu ilikuwa sebule ya nyumba ya mtu anayeishi Ulaya: meza sita, pazia la maua, na kabati la sahani za mwenye nyumba lililofungwa kwa kufuli ambalo hakuna aliyekuwa na ufunguo wake. Ziwa lilionekana kutoka dirisha la choo tu. Tulitengeneza programu ya kuhesabu dawa katika vituo vya afya: ngapi zimeingia, ngapi zimetoka, zipi zinakaribia kuharibika. Kila asubuhi, kabla mtu hajagusa kompyuta, alizunguka meza zote akisalimia kwa mkono. Mulilala? Tulilala. Batoto? Beko. Maman alitoka hospitali? Alitoka, tunashukuru Mungu. Papa Gervais naye alizunguka hivyo hivyo, na mkono wake ulikuwa wa joto, na alikumbuka jina la kila mtoto. Saa ya mchana uliletwa ugali na sambaza, wale dagaa wa ziwani, wa kukaanga, na mboga ya lengalenga, tukala pamoja upande wa nyuma, na patron akawa wa mwisho kujipakulia. Nayasema haya kwa sababu sitaki mtu afikiri nilifanya kazi kwa watu wabaya. Ingekuwa rahisi zaidi kuwachukia.

Juma langu la kwanza nilisema kwa sauti, chumba kizima kikisikia: "Grand Christian, page yako ya stock inahesabu vibaya. Dawa ikitoka mara moja, yenyewe inaitoa mara mbili." Christian ndiye aliyekuwa mwandishi wa programu wa zamani kuliko sisi wote, ndiyo maana aliitwa Grand, mkubwa; mtu mnene, mpole, mwenye kandambili alizoacha chini ya meza. Mtu mmoja alikohoa. Halafu kijana mrefu aliyekuwa akikaa mkabala nami akainuka, akanigusa bega, akaniambia twende tukapunge hewa. Huyo ndiye Murhula.

"Unasema vile mbele ya batu?" aliniuliza tulipofika barazani.

"Lakini inahesabu vibaya."

"Najua inahesabu vibaya. Bote banajua. Ata yeye anajua."

"Sasa juu ya nini haitengenezwe?"

"Juu hakuna mutu amemuambia."

"Mimi nimemuambia!"

"Weye umemutukana." Alicheka, meno yote nje. "Angalia. Unamualika chai. Unauliza bibi yake iko aje. Unauliza masomo ya batoto. Kiisha unasema: Grand, mashini yangu mimi iko mugonjwa, nikifungua page ya stock inanionyesha bintu ya ajabu, pengine ni mashini yangu tu. Yeye atasema: leta nione. Kesho imekuwa sawa. Nani alikosea? Hakuna."

"Na kama wiki hiyo hana nafasi ya chai?"

"Basi dawa zinatoka mara mbili," alisema Murhula, na safari hii hakucheka.

Ndivyo nilivyojua kwamba naye alikuwa amechoka. Yeye alikuwa na adabu ya nyumba ile, mimi sikuwa nayo, lakini tulichukia kitu kimoja. Katika mwezi uliofuata akaleta kile alichokiita tableau. Ni ubao ndani ya kompyuta. Kila kazi ni kadi ndogo. Kadi inaanzia upande wa kushoto, kwenye kazi za kufanya, inapita katikati ikishughulikiwa, inaishia kulia ikikwisha. Kosa lina kadi nyekundu. Kila kadi ina kisanduku kimoja kinachouliza: Nani? Usipokijaza, kadi haikubali kuhifadhiwa. Murhula alikipenda kisanduku hicho. Aliniambia hivi, na bado namsikia: "Mashini haina haya, Nsimire. Iache iulize yenyewe. Hakuna mutu atakuwa ametukana mutu." Likijazwa jina lako, ubao ulikutumia barua-pepe. Maneno ya barua hiyo aliyaandika Murhula mwenyewe, kwa Kiswahili, kwa kuwa yale yaliyokuja na programu aliyaona makavu kama amri ya askari. Akaandika: Kuna kazi mpya yenye jina lako. Tunakusubiri. Chumba kizima kilicheka siku hiyo. "Tunakusubiri wapi, ku kilio?" alisema Christian, na jioni hiyo hiyo akazizima barua zake zisimfikie tena. Kabla ya Jumamosi kila mtu alikuwa amezizima za kwake.

Ubao ulibaki mweupe. Hakuna aliyeukataa. Waliusifu! Patron aliusifu katika réunion, kile kikao cha Jumatatu, akasema ni maendeleo, kisha wakaendelea kualikana chai. Nikiuliza, nilijibiwa kama mdogo wao, "Tutaandika, petite, tutaandika." Vitabu nilivyosomea vilisema watu hawatumii chombo kipya kwa sababu hawajafundishwa. Uongo. Walikijua vizuri sana. Walikisoma hadi mwisho, wakaona kinataka nini kwao, wakaenda kunywa chai.

Kisha mteja mmoja wa upande wa Mwenga akasimamisha kazi, na patron akaanza kuwaita watu barazani. Murhula alirudi akitabasamu, akazunguka meza zote akitupa mkono kama asubuhi, ila ilikuwa mchana. Alikuwa amepewa congé technique, ile likizo isiyo na mshahara na isiyo na mwisho ambayo kila mtu wa mji huu anaijua. Angeenda kwao, kisiwani Idjwi, apumzike kidogo. Wangemwita. Aliacha kikombe chake cha bluu juu ya meza, na mtu anayeondoka moja kwa moja haachi kikombe. Nilimfuata patron hadi kwenye gari.

"Papa, Murhula amefukuzwa?"

Alinitazama kwa uchungu, kana kwamba nimemwonyesha kidonda. "Nsimire, mutoto wangu. Hapa hatufukuze mutu. Tuko famille."

"Basi atarudi lini?"

"Tutamuita."

Baada ya juma moja meza ya Murhula iliwekewa mashini ya kuchapisha.

Halafu ukaja mradi mkubwa wa hospitali, na pamoja nao sharti: wenye mradi walitaka kuuona ubao, kila juma, ukiwa umejaa. Sasa palikuwa na shida ya kweli. Kadi nyekundu zilipaswa kuwepo, maana kampuni isiyo na kosa hata moja haiaminiki. Na kisanduku kiliuliza: Nani? Niliwaona watu wazima, wenye diploma, wakikaa mbele ya kisanduku hicho wakitoka jasho. Kuandika jina la mwenzako ni kumshtaki. Kuandika lako ni ujinga. Christian ndiye aliyepata njia. Alifungua orodha ya majina, akashuka nayo taratibu, akafika mwisho. Murhula alikuwa bado yumo, kwa sababu kumfuta kungekuwa kumfukuza, na sisi hatufukuzi mtu.

"Huyu hayuko," alisema Christian. "Hatasikia mubaya."

Tangu siku hiyo kadi nyekundu zilitiririka. Mwanzoni zilikuwa za makosa ya zamani, baadaye za makosa ya jana, baadaye za makosa ya asubuhi hiyo, yaliyofanywa na watu niliowaona kwa macho yangu wakiyafanya, na yote yakapata jina la mtu aliyekuwa ng'ambo ya maji. Waliyatengeneza kimya kimya, wengine. Mengine hawakuyatengeneza kabisa, yakabaki kushoto, mekundu, na jina la Murhula. Na chumba kikawa na furaha! Hilo ndilo lililonitia wazimu. Walikuwa wametumia miaka mingi kukwepa neno kosa, na sasa walilitamka kwa sauti, hata kwa mzaha. "Murhula amefanya nini tena leo?" mtu aliuliza huku akipuliza chai. "Amesahau tarehe za dawa." "Huyu mutu ni hatari!" Wakacheka mpaka wakafuta machozi. Nilimpigia simu Idjwi mara nyingi bila kumpata. Nilipompata, laini ikikatika-katika, nilimwuliza kama anafikiri kurudi. "Banasema nisubiri," alisema. "Niko bien. Kazi iko ya mingi." Nilifikiri anazungumzia shamba la mananasi la mama yake. Habari ya kadi sikumwambia. Nilitaka nizifute kwanza, kisha nimweleze. Nani anampigia mtu simu kumwambia kwamba amegeuzwa jalala?

Kwa hiyo nikaandika kadi yangu. Ilikuwa nyekundu, ya ile page ya stock iliyoanza tena kutoa dawa mara mbili, na kwenye Nani? nikaandika: Christian. Ilikuwa kweli. Ilikuwa pia kadi pekee ya kweli katika ubao mzima. Hakunifokea. Kesho yake alizunguka akisalimia, akafika kwenye meza yangu, akapita. Mkono wake ulikwenda kwa jirani yangu kana kwamba kiti changu kina hewa tu. Siku iliyofuata walipita wawili. Mwisho wa juma patron akanunua kreti ya Fanta na bakuli kubwa la sambaza, akapanga viti kwa duara pale nyuma, tukaambiwa tumekuja kupatana.

"Nsimire," alisema Papa Gervais kwa sauti ile ya joto, "umuombe grand yako pardon, tule."

"Pardon ya nini, Papa? Nimeandika uongo?"

"Hakuna mutu anasema uongo."

"Basi ni kosa la nani?"

Sambaza walikuwa wakipoa. Christian alitazama kandambili zake, na naapa macho yake yalikuwa na maji. "Niko na batoto bane ku masomo," alisema polepole. "Bale ba projet baisome jina yangu na rangi nyekundu. Weye petite unataka nini kwangu?"

Nilijua jibu, na bado najua: nilitaka atengeneze page. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia pia kwamba Murhula ana mama anayemtegemea. Patron akainua mkono, si kwa ukali, kama padri anayetaka kufunga misa. "Murhula hayuko hapa. Hakuna mutu analia. Ukitaka kuona mutu analia, angalia mbele yako." Kisha akaomba kompyuta iletwe, akaiweka magotini kati ya chupa za Fanta, akafungua kadi yangu, na kwa kidole chake mwenyewe akafuta Christian, akaandika Murhula. Watu walipiga makofi. Wakaanza kula. Nilinyanyuka nikaenda kusimama chooni, kwenye dirisha la ziwa, na kule mbali Idjwi ilikuwa imelala ndani ya ukungu kama kitu kisichotuhusu.

Yule mwanamke wa miwani alikuja miezi michache baadaye. Vituo viwili vilikuwa vimekosa dawa huku programu, isiyoondoa zilizoharibika, ikionyesha kwamba zipo, na wenye mradi walimtuma aangalie ubao. Aliusoma akiwa amesimama. Aliuliza maswali ya busara. Kisha akanigeukia mimi wa mlangoni: huyu Murhula anakaa meza gani?

Niliangalia mashini ya kuchapisha. Nikasema: "Hana meza."

"Hana meza?"

"Alishatoka huyo, Madame," alidakia Papa Gervais, akitabasamu kwa huzuni. "Alikuwa kijana muzuri. Lakini unaona mwenyewe."

Madame alitazama ule wekundu wote. "Naona," alisema. "Basi papa, sharti letu moja. Mtu huyu asiguse tena programu hii. Asirudi." Na patron, mtu asiyemfukuza mtu, aliinamisha kichwa akakubali. Christian alikuwa akichapa kitu. Alichapa haraka sana.

Nilimkimbilia Madame hadi kwenye lango, dereva akiwa ameshawasha gari. Nilimweleza kila kitu, nikimeza maneno: kwamba tarehe za kadi ni za baada ya Murhula kuondoka, atazame tarehe tu, kwamba jina hilo ni ndoo ya taka. Alinisikiliza hadi mwisho, na hiyo ndiyo sababu sijamsamehe. Alielewa.

"Dada," alisema, "mimi nimetumwa kuandika kitu kimoja. Tableau inajazwa au haijazwi?"

"Inajazwa uongo."

"Inajazwa?"

"Inajazwa."

"Basi." Akafunga kioo.

Kampuni ilipewa mradi tena mwaka uliofuata. Ripoti, nilivyosikia, ilitusifu kama mfano kwa kampuni ndogo za mkoa. Mimi sikuwepo kusherehekea. Niliacha kazi, na kwa kuwa nyumba ile haina neno la kuacha wala la kufukuza, patron alinishika mkono akasema pumzika kidogo, tutakuita. Tangu hapo nimefanya kazi katika miji mingine, kwenye vyumba vyenye ubao ghali zaidi, na kila ninapoingia naangalia kwanza orodha ya majina hadi chini kabisa. Mara nyingi yumo mtu asiyekuwepo. Wanaouza vyombo hivi husema vinaleta uwazi. Vinaleta ulichonacho tayari. Ukiwapa watu wanaoogopana, watakutengenezea mahali nadhifu pa kuficha hofu yao, na utawapa alama nzuri.

Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyatafuna kilioni, Christian akiwa viti vitatu mbele yangu, mzee sasa, akifuta macho kwa kitambaa, wakati mtu mrefu mwenye koti lililolowa alipokaa kando yangu akasema, "Nsimire. Bado unatukana bakubwa?"

Alikuwa Murhula. Alikuwa amevuka na boti ya asubuhi kuja kumzika Papa Gervais. Nywele zilikuwa zimeanza kuwa na mvi pembeni, na meno ni yale yale. Anafundisha hesabu kule kisiwani. Nilimwuliza kwa hasira, kwa kunong'ona kwa sababu mtu alikuwa akiomba, kwa nini amejisumbua kuvuka ziwa kwenye mvua kwa ajili ya mtu huyu.

"Alikuwa mutu muzuri kwangu," alisema. "Hakunifukuza. Ule mwaka wote kazi yake iliendelea kunifikia."

"Kazi gani?"

"Za tableau. Sikuzima barua zangu mimi, ni mimi niliziandika." Akatabasamu kidogo. "Mashini haichague mutu, Nsimire. Nikiona jina yangu, najua mutu amekaa pale, ameteremuka mu liste, amenichagua na mukono yake. Nilisema, bananiwekea kazi yangu. Siku bataniita nikute iko tayari."

Mwombaji alisema amina, nasi tukasema amina. Kisha akaniambia mengine, bila uchungu, kama mtu anayesimulia ujana. Kila asubuhi alipanda kilima na kompyuta mgongoni, hadi ngazi za kanisa, mahali pekee mtandao uliposhika, akakaa pale akipakata kompyuta magotini. Alisoma kila kadi. Alikuwa na nakala ya programu, na alizitengeneza zote, kuanzia ile page ya stock, akazihifadhi. Alimpigia patron kumwambia ziko tayari, na patron akamjibu kwa sauti nzuri kwamba asubiri kidogo.

Mwaka huo huo ushirika wa wakulima wa mpunga kule Luvungi ulikuwa ukitafuta mtu wa kompyuta, kwa mshahara wa kila mwezi na nyumba. Walimwita mara mbili. Mara zote mbili Murhula aliwajibu kwamba anawashukuru sana, lakini yeye ana kazi Bukavu, na wenzake wanamsubiri.